Wakubwa wa dunia wanavutana, na kamba ni jiwe letu

Marekani na Uchina wanashindana nani atashika dunia ya kesho. Mashindano hayo yanapita hapa Likasi: kwenye karieri, kwenye njia ya treni, kwenye depo. Tuangalie njia gani ziko mbele, na kila moja inaweza kuachia familia ya muchimbaji kitu gani.

Kila mutu mwenye kupeleka mufuko wa mawe kwenye depo anajua ubao wa bei. Leo bei iko juu, wiki inayofuata imeshuka, na ukiuliza sababu unajibiwa tu: "Njo bei ya soko." Soko gani? Soko la London, soko la Shanghai. Na nyuma ya soko kuna kitu kikubwa zaidi: mataifa yenye nguvu yanapimana, kila moja linataka kushika madini mbele ya mwenzake.

Angalieni kobalti. Mwaka 2018 tani moja ilipita dola 90,000. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 21,000. Shimo lilikuwa lile lile, jasho lilikuwa lile lile. Kitu kilichobadilika kilikuwa mbali na Likasi.

Watu wengi wanasema: mambo ya Washington na Beijing ni ya wakubwa, sisi tutafute unga. Lakini bei ya jiwe ikianguka, sufuria ya nyumbani njo inajua ya kwanza. Masomo ya watoto, dawa, nyumba ya kupanga, vyote vinatoka ndani ya mufuko ule. Kwa hiyo mambo ya wakubwa ni mambo yetu pia.

Likasi imeshapita hapa

Muji wetu ulikaa katikati ya ugomvi wa wakubwa zamani, na si mara moja.

Mara ya kwanza ni Shinkolobwe, kilometa 20 hivi kutoka hapa. Uraniumu ya pale ilikuwa na nguvu kupita ya karibu mahali pote duniani. Vita ya pili ya dunia ilipokuwa inawaka, Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yale mpaka New York, yakawekwa kwenye ghala la Staten Island. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945 bomu lilianguka Hiroshima, na sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe. Mwaka 1946 Sengier alipewa medali na serikali ya Marekani. Watu wa Katanga waliochimba na kubeba mawe yale hawakuambiwa hata ni mawe ya kazi gani.

Mugodi ulifungwa mwaka 1960, mashimo yakazibwa na beto. Miaka ya 1990 ilipokuwa inaisha, bakrezeri walirudi pale kutafuta kobalti. Mwezi wa 7 mwaka 2004 shimo lilianguka na kuua watu. Kisha serikali ikafukuza waliobaki, na kijiji kikabomolewa. Jiwe lililofanya Marekani kuwa mukubwa wa dunia halikuachia Shinkolobwe hata paa moja.

Mara ya pili ni mwaka 1961. Muji ulikuwa ungali unaitwa Jadotville. Katanga ya Moïse Tshombe ilikuwa imejitenga tangu tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka 1960, na Union Minière ilikuwa inamulipa yeye kodi. Marekani na Urusi ya Wakomunisti walikuwa wanavutana juu ya Kongo nzima. Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961. Mwezi wa 9 wa mwaka ule ule, askari zaidi ya 150 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizungukwa hapa Jadotville na wanajeshi wa Katanga pamoja na mamluki. Walipigana siku tano, risasi na maji vikawaishia, wakajitoa. Usiku uliofuata, ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mukuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola alipokuwa anaenda kukutana na Tshombe.

Tembo wakipigana, majani njo yanaumia: tunaambiwa hivi tangu utoto. Lakini majani yanaota tena mvua ikinyesha. Shimo haliote. Jiwe likishatoka, limetoka. Hii njo sababu tunapashwa kuuliza mapema, si nyuma.

Leo nani anashika nini

Kongo inatoa zaidi ya mbili ya tatu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Kwa shaba, mwaka 2024 inchi yetu ilipita tani milioni 3 na kukaa ya pili duniani, nyuma ya Chile. Ukitazama hesabu hizo peke yake unaweza kufikiri sisi njo tunaamuru.

Lakini kuamuru hakuko kwenye shimo. Shaba yetu nyingi inatoka ikiwa imeshasafishwa, mabamba ya katode, na hapo mufalme ni yule mwenye kuifanya waya na mota. Kobalti nayo inatoka ingali nusu ya njia, kama unga wa hidroksidi: ndani ya kilo 10 za unga ule, kilo 3 hivi tu njo kobalti. Unga unapelekwa mpaka baharini, unapanda meli, unafika Uchina. Kule njo sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inasafishwa, na kule njo betri nyingi za dunia zinatengenezwa. Mwenye kiwanda njo mwenye kusema bei.

Uchina haikufika pale kwa bahati. Mwaka 2008 ilifanya na serikali yetu mukataba wa Sicomines: madini kwa barabara, hospitali na vitu vingine vya kujenga. Mwaka 2016 kompani ya Marekani, Freeport-McMoRan, iliuzisha Tenke Fungurume kwa kompani ya Kichina inayoitwa leo CMOC, kwa dola bilioni 2.65. Mwaka 2020 ikauzisha na Kisanfu, dola milioni 550. Hakuna aliyewafukuza Wamarekani. Walikuwa na madeni, wakaondoka wenyewe.

Leo wanataka kurudi, na wana haraka. Juu ya nini? Mwaka 2023 Uchina ilianza kubana njia ya galiumu na jermaniumu, madini madogo yenye kutumika katika mashini za umeme na vyombo vya jeshi. Mwezi wa 12 mwaka 2024 ikakataza kabisa kuyauzisha Marekani, kabla ya kulegeza kamba mwaka uliofuata. Marekani wakaona jambo moja: unaweza kuwa na ndege za vita na dola, lakini mwenye kusafisha madini akifunga mulango, kiwanda chako kinasimama.

Kwa hiyo vita ya leo inapiganwa na njia za treni. Upande wa magharibi kuna Lobito. Njia ile ya Benguela ilikufa wakati wa vita ya Angola, Wachina wakaijenga upya, kazi ikaisha mwaka 2014. Mwaka 2022 Angola ikaipa kikundi cha kompani za Bulaya, na Marekani ikaahidi mukopo wa zaidi ya dola milioni 550. Mwezi wa 12 mwaka 2024 rais Joe Biden alifika Lobito mwenyewe. Upande wa mashariki kuna TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Kapiri Mposhi mpaka Dar es Salaam, ambayo Wachina walijenga miaka ya 1970. Mwaka 2025 kompani ya Kichina ilitia sahihi kuitengeneza upya, dola bilioni 1.4. Likasi iko juu ya njia ya treni inayopita Tenke kwenda mupaka wa Angola. Tuko katikati, kama tulivyokuwa mwaka 1961.

Na usalama umeingia ndani ya biashara. Mwezi wa 1 mwaka 2025 Goma ilianguka mukononi mwa M23, mwezi wa 2 Bukavu. Tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka ule, marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani Washington, mbele ya Donald Trump. Siku ile ile Kongo na Marekani walitia sahihi ushirikiano wenye kufungulia kompani za Marekani mulango wa madini yetu. Amani upande mumoja wa meza, kobalti upande mungine.

Kesho: njia nne

Hakuna mutu anayejua dunia ya mwaka 2040 itakuwa namna gani. Lakini njia zinaonekana, na tunaweza kuzihesabu.

Njia ya kwanza: Uchina inabaki mbele. Kompani zake zinaendelea kuchimba, viwanda vyake vinaendelea kusafisha. Kwetu kazi itakuwako, na kiasi kinaweza kupanda. Lakini munuuzi akiwa mumoja, anasema bei anavyotaka. Muuza nyanya anajua hili kupita mwalimu yeyote: siku munuuzi ni mumoja sokoni, unarudisha nyanya nyumbani ao unazitoa bure.

Njia ya pili: dunia inakatika vipande viwili. Kobalti ya Lobito inaenda Marekani na Bulaya, kobalti ya Dar es Salaam inaenda Uchina. Hapa wanunuzi wanakuwa wawili, na muuzaji mwenye akili anaweza kupata. Lakini kuna hatari. Kila upande utataka tuchague, na atakayekasirika ana njia za kutuumiza: mukopo, silaha, mupaka. Watu wa Jadotville walionja hiyo.

Njia ya tatu: wakubwa wanakuwa wengi. Inchi za Ghuba zimekwisha kuingia. Mwaka 2024 kompani ya Emirati ilinunua asilimia 51 za migodi ya Mopani, pale Kitwe na Mufulira, kwa majirani wetu wa Zambia, dola bilioni 1.1. India nayo inakua na inahitaji shaba. Wanunuzi wakiwa watano, bei inaweza kuwa nzuri. Lakini mikataba inakuwa mitano pia, na kila mumoja una karatasi zake, na ukikosa watu wa kusoma karatasi utadanganywa mara tano.

Njia ya nne njo watu wengi hawaisemi: jiwe lenyewe linapoteza nguvu. Kuna betri zinazoitwa LFP, za chuma na fosfati, hazina kobalti hata gramu. Uchina inazitengeneza kwa wingi, na leo karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani ni za namna hiyo. Tena Indonesia imekuwa ya pili kwa kobalti, kwa sababu inatoka pamoja na nikeli yake. Uraniumu ya Shinkolobwe ilikuwa dhahabu ya dunia mwaka 1942. Mwaka 1960 mugodi ulifungwa. Miaka 18 tu. Mutoto aliyezaliwa siku Wamarekani waliponunua mawe alikuwa hajaoa bado.

Shaba itadumu zaidi, kwa sababu kila waya wa umeme unaihitaji, dunia iende na Marekani ao na Uchina. Lakini kwa kobalti saa inahesabu.

Kongo si majani tu

Kwenye njia zote hizi nne, kuna swali moja lenye halibadiliki: ni nini kinabaki hapa? Na jibu halitoki Washington ao Beijing peke yao. Miaka hii ya karibuni imeonyesha kwamba Kongo ikishikilia, wakubwa wanasikia.

Mufano wa kwanza ni Tenke Fungurume. Gécamines ina asilimia 20 pale. Mwaka 2022 ilisema kwamba mali yote iliyo chini ya udongo haikuhesabiwa vizuri, na madini ya kompani ile yakakatazwa kutoka. Mwaka 2023 CMOC ikakubali kulipa Gécamines dola milioni 800, na kuhakikisha zaidi ya bilioni moja ya faida kwa miaka ya mugodi. Hakuna bunduki iliyopigwa. Watu walisoma mukataba, basi.

Mufano wa pili ni kobalti yenyewe. Mwezi wa 2 mwaka 2025, bei ilipoanguka sana, serikali ilifunga mulango: kobalti hakuna kutoka. Kuanzia tarehe 16 mwezi wa 10 mulango ulifunguliwa kwa kipimo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026, na nyingine 96,600 kwa mwaka 2027. Kufika mwisho wa mwaka 2025, bei ya dunia ilikuwa imepita mara mbili ya pale ilipokuwa imeanguka. Inchi ambayo wote walizoea kuiona inapokea bei, safari hii ilipanga bei.

Lakini tuseme ukweli wote. Kipimo kinagawiwa kwa kompani. Kompani kubwa inaweza kuweka unga wake ghalani miezi sita ikingoja. Mukrezeri hana ghala. Ana tumbo na watoto. Siku mulango unafungwa, yeye njo anaumia ya kwanza, na siku bei inapanda, yeye njo anasikia ya mwisho. Mwaka 2019 serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt kununua kobalti ya wachimbaji wa mukono kwa njia ya sheria. Wazo ni zuri. Litapimwa na jambo moja: makuta yenye kufika mukononi mwa mutu aliyetoka ndani ya shimo.

Tena bei ya juu sana inasukuma wenye viwanda kukimbilia betri zisizo na kobalti. Kubana mulango ni dawa. Dawa ikipita kipimo inakuwa sumu.

Kiwanda na karatasi

Indonesia ilifunga nikeli mbichi mwezi wa 1 mwaka 2020, ikaambia wanunuzi: mukitaka nikeli, jengeni kiwanda hapa. Wachina wakajenga. Walilipa kwa mito na misitu yao, hilo tusilifiche, lakini kazi ya kusafisha ilihamia kwao.

Likasi haina lazima ya kusikiliza hadisi za mbali. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba mwaka 1929. Umeme wa Mwadingusha, juu ya muto Lufira, ulianza mwaka 1930 kwa ajili ya kazi hizo. Baba na babu zetu wa Shituru na Panda walijua elektrolizi wakati inchi nyingi za Afrika hazijaona kiwanda. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Miaka kumi haikupita, ikawa chini ya sehemu moja ya kumi. Akili ile haikukufa yote. Iko kwa wazee wa muji, iko kwa vijana wa Chuo Kikuu cha Likasi wanaotafuta kazi. Mwaka 2022 Kongo na Zambia walitia sahihi kutengeneza pamoja vitu vya betri. Karatasi iko, kiwanda bado hatujakiona. Hakuna kiwanda bila umeme, na kila mama wa Kikula anayelala na mushumaa anajua umeme wetu uko namna gani.

Karatasi nyingine iko tayari, nayo ni sheria. Kodi ya mugodi inayoitwa redevansi ni asilimia 3.5 kwa shaba, na asilimia 10 kwa kobalti tangu ihesabiwe madini ya pekee. Kodi mugodi wa mwaka 2018 umegawa redevansi hiyo hivi: nusu inaenda Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa muji, sekta ao uchifu wenye mugodi, na asilimia 10 kwa mufuko wa vizazi vya kesho. Tena kila kompani inapashwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mugodi. Makuta hayo hayategemei Trump ao Xi Jinping. Yanategemea kama mutu ameuliza.

Basi tuulize. Wazee wa mitaa, masendika, wenye koperative, wamama wa soko, vikundi vya kanisa na vya vijana: mwaka huu muji ao sekta yetu ilipokea kiasi gani cha ile 15? Ilijenga nini nayo? Ile 0.3 iko wapi, na nani alichagua kazi zake? Kompani inayokuja na bendera ya Marekani ao ya Uchina, kijana wetu atatumika wapi ndani yake: kwenye kubeba, ao kwenye laboratwari? Treni ikipita Likasi na muzigo kwenda Lobito, itasimama hapa kupakua kitu, ao itapiga honi tu?

Wakubwa wataendelea kuvutana, na kesho mushindi anaweza kuwa huyu ao yule. Kamba bado iko mukononi mwetu leo, kwa sababu jiwe lingali chini ya miguu yetu. Tusingoje mpaka litoke njo tuanze kuuliza lilikuwa la kazi gani.